Kwaya Iliyoshuka na Mwalimu Wake

Mwalimu wetu wa kwaya aliweza kujua umeamkaje kwa kukusikia ukivuta pumzi tu. Alisimama mbele yetu, mikono nyuma, akasema, "Vuteni." Sisi tukavuta, naye akapita katikati ya mistari akisikiliza kama mtu anayetafuta panya ndani ya ukuta.

"Wewe umegombana na mtu asubuhi. Mabega yako yamefika masikioni."

"Wewe umekula pilipili."

Mara nyingi alipatia. Alipokosea hakukubali.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Siku ya mazishi yake, hayo yote yalisomwa, na yalisomwa vizuri. Nataka kuandika yale ambayo hayakusomwa. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, nalima maharage na ngano kidogo hapa Nambis, na nimeimba sauti ya pili chini yake tangu sijaolewa. Katika kwaya yetu sauti ya pili ndiyo inayosimama karibu zaidi na mwalimu, kwa hiyo niliyasikia mambo yake kwa karibu, hata yale ambayo nisingependa kuyasikia.

Tangu afariki nina tabia inayonisumbua. Mtu akiongea na mimi sisikilizi maneno, nasikiliza koo lake. Binti yangu akikohoa chumba cha pili nakaa nasubiri akohoe tena, na asipokohoa bado nasubiri. Muuza duka akiwa na sauti ya kukwaruza kidogo nataka kumwuliza ni tangu lini. Mimi mwenyewe asubuhi, kabla sijasema na mtu, natoa sauti ndogo jikoni ili nijue kama ipo.

Hakutuita kwa majina. Mimi nilikuwa Sauti ya Pili, na kama alitaka mwingine wa sauti ya pili aliashiria kwa kidevu. Bura, mchinjaji wa hapa senta, ambaye ndiye besi wetu mkubwa, alikuwa Sauti ya Nne. Mke wa Bura alipojifungua, mwalimu alituma salamu kwa "nyumba ya Sauti ya Nne," na mtoto akaitwa hivyo mtaani mpaka alipoanza shule.

Kupitia kwa huyo Bura ndipo tulipojua sauti inakotoka. Jumamosi moja mwalimu alikuja mazoezini na ndoo ndogo. Ndani kulikuwa na koromeo la mbuzi, likiwa na kipande cha bomba lake la hewa. Akachomeka pampu ya baiskeli kwa chini, akabana kwa juu kwa vidole viwili, akamwambia Bura asukume. Mbuzi aliyechinjwa asubuhi akalia ndani ya kanisa. Wanawake wa sauti ya kwanza walikimbilia mlangoni.

"Rudini! Mnakimbia nini, na ninyi mnalo hilohilo shingoni!"

"Mwalimu," Bura akasema, "huyu anaimba vizuri kuliko sauti ya tatu yote."

"Kwa sababu yeye habishani na mwalimu. Sukuma."

Kisha akalipasua kwa kisu, akatuita mmoja mmoja tuangalie. Mle ndani kulikuwa na mikunjo miwili midogo, myeupe, imekaribiana kama midomo ya mtoto mchanga. Akatuambia hizo ndizo nyuzi za sauti. Hewa ikipita katikati yake zinagongana na kuachana, haraka kuliko bawa la nyuki. Zikivutwa zikawa nyembamba, sauti inapanda. Zikiwa nzito na nene, inashuka. "Basi," akasema. "Hayo mengine yote mnayoyafanya kwa nyusi na mabega ni kujisumbua."

Alisema pia kwamba pale penyewe sauti ni ndogo, ni mlio wa mdudu tu, na kwamba kinachoifanya iwe ya mtu ni ile nafasi iliyo juu yake, koo na kinywa. Ili tuamini alileta vibuyu vya maziwa vya mke wake, kikubwa na cha kati na kidogo. Aliweka mdomo karibu na tundu la kibuyu, akaanza chini, akapanda polepole, mpaka ikafika sauti moja ambayo kibuyu chenyewe kiliipokea na kuvuma mikononi mwake. "Kimeitika," akasema. Kila kibuyu kiliitikia sauti yake na si ya mwenzake. Halafu akatuambia kinywa chetu ni kibuyu ambacho tunaweza kukibadilisha umbo, na ndiyo maana alituchosha na miayo: tupige miayo huku tumefunga mdomo, koromeo lishuke, nafasi ipanuke.

Mke wake, ambaye wote tulimwita Mama Paskali, alimsubiri mlangoni siku hiyo. "Vibuyu vyangu vinarudi vinanuka mate ya kwaya," akasema. "Safari ijayo chukua sufuria."

"Sufuria haiitiki."

"Na mimi siku moja sitaitika."

Kuhusu lugha yetu alikuwa na maneno yanayopingana. Kiiraqw kina sauti zinazotoka chini kabisa kooni, nyingine unazifunga na kuzifungua kama mlango wa ghala. Siku alipokuwa amekasirika alisema tumelelewa na lugha inayobana koo, ndiyo maana tukiimba juu tunasikika kama tunakabwa. Siku nyingine alisema hakuna watu wenye koo lililofanya kazi kama sisi, na kwamba watu wa mjini wana koo la uji. Sikuwahi kujua anaamini lipi. Nadhani aliyaamini yote mawili, kutegemea tumeimbaje.

Kuna safari moja tulikwenda kuimba upande wa tambarare za Hanang, gari likapata pancha njiani, mbali na nyumba. Upepo ulikuwa mkali. Tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha gari, tukasikia mfugaji wa Kibarbaig akiita ng'ombe wake, naye yuko mbali sana, anaonekana kama fimbo tu. Mwalimu alitunyamazisha kwa mkono. Kisha akaanza kutembea kumfuata. Tulimwona akifika, akisalimia, wakizungumza kwa ishara nyingi kuliko maneno, yule bwana akacheka, akaita tena, na mwalimu akiwa ameweka vidole juu ya pua na shavu la mtu asiyemjua.

Alirudi amechangamka. "Hasukumi," akatuambia. "Shingo yake imelala kabisa. Upepo unavuma chini, na sauti yake imepita juu ya upepo, ina makali, iko mbele hapa kwenye mifupa ya uso. Sauti ikiwa na makali hayo haihitaji nguvu, inapenya yenyewe."

Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa nasi hakupendezwa. Akasema haoni kwaya ya kanisa itajifunza nini kwa mtu asiyesali.

"Ng'ombe wake wamemsikia," mwalimu akajibu. "Ninyi wakati mwingine hata benchi la tatu halisikii."

Alikuwa na ulimi huo, na haukuwa wa kuchekesha siku zote. Mama mmoja, alipofiwa na mumewe, aliomba kujiunga nasi. Mwalimu akampima kwa ngazi moja, do mpaka so, akamwambia mbele ya wote, "Mama, wewe Mungu atakusikia ukinyamaza." Watu wakacheka. Yule mama hakukaa tena karibu na benchi letu. Baadaye mwalimu alimpelekea debe la njegere, lakini samahani hakuomba, na debe la njegere si samahani.

Na sigara. Alitukataza sigara, ugoro, soda ya baridi, kupigia watoto kelele, kuita punda kutoka mbali. Kunong'ona alikuchukia kuliko kupiga kelele. Alisema anayenong'ona anazisugua nyuzi zikiwa kavu. Lakini jioni za mazoezi alitokea nyuma ya ghala lake la mahindi, na mimi niliyesimama karibu naye niliisikia harufu kwenye kofia yake. Akisema ni moshi wa jikoni, Mama Paskali aliangalia pembeni. Jiko lake yeye lilikuwa la mkaa.

Jambo alilolirudia kuliko yote ni kwamba hakuna mtu anayesikia sauti yake mwenyewe. Sauti yako, alisema, wewe inakufikia kwa njia ya mifupa ya kichwa, na mifupa inaitia unene ambao wengine hawausikii. Ndiyo maana tulipojisikia kwenye simu mara ya kwanza kila mtu alisema simu ni mbovu. "Simu ni nzima," alisema. "Kichwa chako ndicho kinachokubembeleza. Mwimbaji lazima aazime sikio la mwenzake."

Lakini yeye hakuazima. Kwaya yetu kuu haina kinanda. Kinanda ni cha kwaya ya vijana. Sisi do, ile sauti ya kuanzia wimbo, tunapewa na mwalimu kwa mdomo wake, naye hakutumia hata filimbi. "Filimbi ninayo shingoni," alisema. Alitueleza kwamba do ya kila wimbo haikumbuki kwa sikio, anaikumbuka kwa kugusa: anajua inakaa wapi kooni, kama wewe unavyojua ulipoweka kiberiti gizani. Alipeleka vidole viwili kwenye koromeo, akafumba macho, na do ikatoka. Watu wa kinanda waliwahi kumjaribu kwa siri, na ilikuwa palepale.

Mwaka ule tope la Mlima Hanang lilipoteremka Katesh, dada yangu aliyekuwa ameolewa Jorodom alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Sitaandika mengi juu ya hilo. Siwezi. Kwaya ilikodi lori ikaja kumzika. Mwalimu alisimama kwenye matope na mabuti ya kuazima, akaweka vidole shingoni, akafungua mdomo kutoa do. Kwanza ilitoka hewa. Sauti ikafuata nyuma ya hewa, imechelewa kidogo.

Watu walidhani ni kilio. Wanawake wawili wakaanza kulia kwa sababu yake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kaburi la dada yangu, na nikawaza: hicho si kilio. Kilio hubana, na hiki kimevuja. Nililikasirikia sikio langu kwa kusikia jambo kama hilo saa kama ile.

Tuliporudi Nambis ile hewa haikuondoka. Alitumia asali, alitafuna tangawizi, alikaa siku nzima bila kusema na mtu. Nilikwenda kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sauti ya Pili."

"Nenda hospitali ya Haydom wakakuangalie koo."

"Ni baridi."

"Baridi ya Nambis ilikuwepo miaka yote."

"Basi mwaka huu imezidi."

Halafu do ikaanza kushuka. Haikushuka kwa siku moja. Ilishuka kama maji kwenye pipa linalovuja, huoni kitu mpaka siku kikombe kinapogonga chini. Nilimwambia na hilo. Baada ya mazoezi nilisema, "Mwalimu, leo tumeanza chini." Akapeleka vidole shingoni. "Iko palepale," akasema. Na kweli kwake ilikuwa palepale. Mahali hapakubadilika, kilichobadilika ni uzi wenyewe. Ulikuwa umeongezeka uzito, na yeye alikuwa akiushika palepale alipoushika maisha yake yote.

Sisi tukamfuata. Sijui kama kwaya ya mahali pengine ingefanya hivyo. Kwetu do haitoki kwa mwingine ila kwa mwalimu, na mtu mzima hasahihishwi mbele ya watu. Akitoa do chini, unaimba chini. Sauti ya kwanza walifurahi, maana zile noti za juu zilizowatoa jasho hazikuwepo tena. Sauti ya pili tuliimba kwenye kifua. Bura na wenzake walibaki wakinguruma.

"Mama Neema," Bura aliniambia tukitoka kanisani, "leo nimeshuka mpaka nikasikia joto la huko chini."

"Mwambie yeye."

"Nimwambie mimi? Wewe ndiye wa karibu."

"Nimeshamwambia. Anasema iko palepale."

Bura aliacha kucheka. "Basi kuna kitu," akasema.

Kilichomfumbua macho ni sikukuu ya mavuno. Tulipangiwa kuimba ubeti wa kwanza peke yetu, kinanda cha vijana kiingie wa pili. Mwalimu akatoa do, tukaimba, waumini wakatulia. Kinanda kikaingia pale do ya wimbo ilipo, juu yetu. Ilikuwa kama malori mawili yamekutana darajani. Mpiga kinanda alijaribu kututafuta, akashuka, akashuka tena, akainua mikono.

Mwalimu alimgeukia. "Umekiharibu kinanda!"

"Hapana, Mwalimu. Kiko kilipokuwa mwaka jana."

Hapo vidole vyake vikaenda shingoni, na vikabaki hapo. Waumini walipiga makofi, yale ya huruma. Baada ya ibada alinisubiri nyuma ya kanisa, ameketi juu ya jiwe.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipotoka Jorodom. Kidogo kidogo."

"Na mlinifuata."

"Tulikufuata."

"Wote?"

"Wote, Mwalimu. Sauti ya kwanza wala hawakulalamika."

Alicheka, na kicheko kikaishia kwenye hewa.

Tulikwenda Haydom kwa basi, yeye na Mama Paskali na mimi. Wiki hiyo kulikuwa na daktari wa koo, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alimpitishia puani mpira mwembamba wenye taa, na kwenye kioo pembeni yakatokea mambo ambayo mwalimu alikuwa ametueleza miaka yote na hakuwahi kuyaona kwa mtu aliye hai. Nilitegemea aogope. Alisogeza shingo aone vizuri.

"Naomba niimbe," akasema.

"Na mpira ukiwa puani?"

"Ndiyo."

Daktari akatabasamu. "Haya, mzee. Imba 'iii'."

Akaimba. Uzi wa kulia ulitembea mpaka katikati, mweupe, ukatetemeka. Wa kushoto haukutembea. Juu yake kulikuwa na kitu kama punje ya mahindi iliyopasuka kwa moto. Hewa ilikuwa inapita pale ambapo nyuzi mbili zilipaswa kukutana.

Mwalimu alielekeza kidole kwenye kioo. "Huu wa kulia," akasema, "huu ni mzuri sana." Mama Paskali alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Walichukua kipande wakapeleka kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari alituketisha na hakuzunguka. Ilikuwa ni saratani. Ilibidi aende hospitali kubwa ya Moshi, na huko wangetoa nyuzi zote mbili na koromeo lenyewe. Angepumua kwa tundu la shingoni. Sauti isingekuwepo tena. Akiwahi, nafasi ya kuishi ipo.

"Pasaka ipite kwanza," mwalimu akasema.

"Mzee, Pasaka ipo kila mwaka."

"Na mimi je?"

"Ndicho hicho ninachokuambia."

Akarudi nyumbani, na mazoezi ya Pasaka yakaendelea. Zile wiki sitazisahau. Nilikwenda mazoezini nikisimama karibu naye kama kawaida, na sasa hata akivuta pumzi kulikuwa na mluzi mwembamba ndani yake. Yeye aliyejua kila mtu kwa pumzi hakuisikia yake. Au aliisikia. Nilihesabu moyoni anavyovuta badala ya kuhesabu mapigo ya wimbo, nikaingia vibaya, naye akanigombeza kwa ile sauti iliyobaki.

Mama Paskali alinijia shambani. Hakukaa.

"Analala ameketi," akasema. "Akilala chali anakosa hewa. Watoto wamepiga simu, anawaambia Pasaka. Mimi nimelia, ananiambia Pasaka. Mama Neema, huyu mtu hajawahi kunisikiliza mimi. Anawasikiliza ninyi."

Nilikwenda kwa Bura buchani. Alikuwa anakata nyama, akaniacha niseme yote bila kuweka utani wowote. Akafuta kisu. "Mimi nitasema," akasema, "lakini ninyi msiniache peke yangu."

Siku ya mazoezi tulikuwa wote, hakukosa mtu. Mwalimu akaweka vidole shingoni, akatoa do. Hakuna aliyeipokea.

Akatoa tena. "Mmesinzia?"

"Tumesikia, Mwalimu," Bura akasema. "Hatuimbi."

"Nani amewaambia msiimbe?"

"Hakuna."

"Mimi ndiye mwalimu wa kwaya hii."

"Ndiyo," Bura akasema, na sauti yake nzito ikatetemeka. "Ndiyo maana hatuimbi. Nenda Moshi kwanza."

Mwalimu alitutazama mstari kwa mstari, akitafuta atakayeanza. Alipofika kwangu nilitazama sakafu, kisha nikaona si haki, nikamtazama. Akaanza kuimba peke yake, sehemu ya sauti ya kwanza, wimbo wa Pasaka. Alifika mstari wa pili. Sauti ikachanika, ikabaki hewa na ule mluzi, naye akaendelea kufungua na kufunga mdomo kwenye maneno mpaka mwisho wa ubeti. Sisi tulisimama. Tulikuwa tumefundishwa naye miaka mingi kumfuata popote, na kusimama pale kimya ndiyo kazi ngumu kuliko wimbo wowote aliotupa. Mwanamke mmoja nyuma yangu alilia bila kutoa sauti, nilihisi benchi likitikisika.

Alichukua kofia yake akatoka. Nilirudi nyumbani nikiamini hatatusamehe, na kwamba tumemchukulia Pasaka yake bure. Asubuhi Bura alinipigia simu: amewaona stendi, yeye na Mama Paskali na begi, wamepanda basi la kwenda Mbulu, kutoka huko wataunganisha.

"Amesema nini?"

"Hajasema. Ameniangalia kama nimemwuzia mifupa."

Siku kadhaa baadaye Mama Paskali akapiga kutoka Moshi. "Wametoa," akasema. Baada ya hapo wote wawili tulikaa na simu masikioni mpaka salio lake likaisha.

Alirudi akiwa na kitambaa cheupe shingoni, na chini ya kitambaa tundu. Alikuwa hai, analala chali, anakula ugali. Lakini watu hawakujua wamfanyie nini. Wengine walimpigia kelele kana kwamba amekuwa kiziwi. Watoto waliofundishwa kumwamkia mkubwa na kusubiri jibu, walisema shikamoo, wakasubiri, jibu halikuja, na baada ya muda wakaanza kupita njia ya chini ili wasikutane naye. Watu wazima nao walimsalimia mke wake na kumpungia yeye mkono. Kanisani hakuja. Kwaya ilipata do kutoka kwenye kinanda cha vijana, na ilikuwa sahihi.

Alikufa kabla ya mavuno yaliyofuata. Ugonjwa ulikuwa umeshashuka kifuani. Kama angekwenda mapema ingekuwaje, daktari hakusema, na sisi hatukuuliza. Nalala nalo swali hilo mara nyingi. Lakini kabla ya kufa kuna siku moja niliyomkuta, na hiyo ndiyo ninayotaka kumalizia nayo.

Nilikwenda kuwapelekea mbegu za maharage. Mama Paskali alikuwa jikoni, akaniambia mzee yuko shambani, siku hizi anashinda huko, hataki kufuatwa. Nikapita pembeni ya ghala niweke mbegu, na nikasikia mlio kutoka kwenye shamba la njegere. Nilidhani ndama amekwamwa na kitu kooni. Nikakimbia. Alikuwa ni yeye, amesimama amenipa mgongo, anameza na kuguna.

Baadaye nilijua kwamba Moshi muuguzi alimwonyesha. Mtu asiye na koromeo anaweza kumeza hewa kama tonge, asiiache ifike tumboni, airudishe juu mara moja, na nyama ya juu ya umio, ile njia ya chakula, ikatetemeka badala ya nyuzi. Wengi hawawezi. Yeye alikuwa akijifunza peke yake kwenye njegere ili mke wake asisikie mlio ule.

Aligeuka akaniona. Aliona aibu, na mimi pia. Sikujua la kufanya, nikafanya lile ninalolijua.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akameza. Uso ukakaza, ikatoka "ma," nzito, mbaya, kama lango la zizi. Akameza tena. "Ra." Hapo akaishiwa.

Machozi yalinijia, nikataka kumwambia inatosha. Yeye akainua kidole. Nikakijua kidole kile: rudia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Jibu likatoka vipande vinne, kila kimoja na hewa yake. Akatikisa kichwa, hakuridhika. Kidole. Nikasema shikamoo. Akajaribu kumeza hewa zaidi, ikampita ikaenda tumboni, akashika kiuno akatulia. Kidole. Nilisema shikamoo kwenye yale majani ya njegere mpaka neno likaanza kunipotea mdomoni, naye kila mara alisikiliza jibu lake mwenyewe kwa sura ileile ya mtu asiyependezwa na sauti ya tatu. Mabega yake yalikuwa yamepanda. Aliyaona mwenyewe, akayashusha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Lilitoka zima, kwa pumzi moja, chini kuliko Bura alivyowahi kufika.

Mlango wa jiko ukafunguliwa. "Mama Neema!" Mama Paskali akaita, unga mikononi. "Uko na nani huko? Mbona humkaribishi mgeni?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Mwalimu akanizuia kwa mkono, akaigeukia nyumba, akameza hewa.